Kandida, Nimeviona Vinyama vya Pua Yako

Mwanangu Kandida,

Marahaba. Najua ungeanza wewe na shikamoo yako, ukikunja goti kidogo kama nilivyokufundisha, kwa hiyo nimekuitikia kabisa tusipoteze muda. Mimi mzima. Mgongo ndio ule ule. Mahindi tumeshavuna, kahawa imeiva kwa wingi, na baridi ya mwaka huu inakata masikio. Hizo ndizo salamu, zimeisha. Sasa nikuambie ukweli: nimekasirika. Nimekasirika tangu siku ile tuliyokuzika, lakini miaka yote hii ilikuwa hasira ya kipofu, inapapasa tu, haijui imshike nani. Sasa imepata macho.

Anayeandika ni mwanao Osmunda. Mimi shule sikuikanyaga, unajua. Babu yako alisema mtoto wa kike akijua kalamu atawaandikia wanaume. Nimemkalisha Osmunda hapa barazani nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambie. Pale juu alitaka kuweka “nimehuzunika”. Nikamwambia futa, mke mwenzangu, nimesema nimekasirika. Anacheka. Ana kicheko chako kile cha mdomoni tu, maana puani kwake kulikuwa hakupiti kitu.

Ndiyo. Umesikia vizuri. Puani hakupiti kitu. Ndiyo sababu ya barua hii.

Wewe ulizaliwa na pua. Sisemi sura yake, ile ilikuwa bapa kama ya baba yako, Mungu amrehemu. Nasema kazi yake. Ulikuwa hujafikia hata ukingo wa lile pipa tulilovundikia kahawa iliyomenywa. Unapanda juu ya jiwe, unainamisha kichwa, unanusa, unasema, “Mama, bado.” Baba yako anachomeka kijiti, anakichomoa, anatazama tundu lililobaki, anasema imeiva, tuoshe. Wewe unasema bado. Mtu mzima na ndevu zake anabishana na mtoto! Basi tunaosha, tunakuta punje bado zinateleza mikononi kwa ule ute. Ikajirudia hivyo mpaka baba yako akakitupa kijiti chake. Tangu hapo tukawa tunangoja wewe unuse, ukiipata ile harufu yake yenye uchachu na utamu, unapiga makofi: “Mama, imeiva!” Majirani walikuja kukuazima kama watu wanavyoazima nyundo. “Mama Kandida, tupe huyo mwanao aje anuse kwetu, tutamrudisha.” Walikurudisha umeshiba viazi.

Ndiyo pua aliyokuja kuioa Danieli. Alipanda huku milimani na gunia la usipa, wale dagaa wa ziwani, akauza usipa, akakuona, akashuka nawe mpaka Kihagara. Nilikulilia. Sikulia kwa sababu ya Danieli, alikuwa kijana wa watu. Nililia kwa sababu najua ziwani usipa unaanikwa mlangoni kwa mtu, na muhogo unavundikwa nyuma ya nyumba. Nikasema pua ya mwanangu itateseka. Na kweli, ulipokuja mara ya kwanza kutusalimia ulilalamika kwamba hata khanga ya kwendea kanisani inanuka samaki. Ulipokuja tena baadaye nikakutania, “Vipi, harufu umeizoea?” Ukaniuliza, “Mama, harufu gani?”

Tukacheka. Tulicheka, Kandida! Tukashikana mabega. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshaingia ndani umekaa, na sisi tunaucheka mlangoni.

Ulikuwa na mafua yasiyojua kiangazi wala masika. Kamasi inakushuka kooni, kichwa kizito hapa juu ya macho, usingizini unakoroma kama mlevi. Tukasema ni upepo wa ziwa. Sisi watu wa milimani kila kitu tunasema ni upepo wa ziwa.

Halafu ikaja siku ya yule samaki, yule mbasa. Mama mkwe wako alikuwa na wageni, kaka yake na ukoo wake kutoka ng'ambo ya ziwa. Akakuachia jiko. Mwanamke wa ziwani kabla hajamparua samaki anamsogeza usoni, haambiwi, mkono wenyewe unafanya. Na wewe ulimsogeza, uliniambia, ukanusa, hukusikia kitu, ukadhani hakuna kitu. Ukampika kwa nyanya vizuri kabisa. Samaki ameoza. Mgeni ametia tonge mdomoni mbele ya watu, akalitema.

Mtu wa huku juu akipewa samaki aliyeoza atasema bahati mbaya. Kwa watu wa ziwani ni tusi. Mama mkwe wako hakuuliza kama unaumwa. Alisimama katikati ya uwanja akasema, “Nyie Wamatengo mnaona samaki wote wananuka, ndiyo maana mnatupikia hata aliyekufa juzi! Unatuona sisi paka?” Na Danieli, kijana wa watu, akatazama miguu yake. Hakukutetea kwa neno hata moja. Akakupandisha gari hapo Mbamba Bay, wewe na Osmunda mgongoni, eti ukapumzike kwa wazazi wako. Mpaka leo unapumzika.

Nilisema nitashuka nikamwambie mkwe mwenzangu maneno yatakayomkaa. Ukanishika mkono ukasema, “Mama, hata mimi ningekasirika.” Ulikuwa mpole mno. Na hilo nalo linanikera.

Tukaenda hospitali ya misheni, wewe na mimi, kwa miguu, Osmunda tunampokezana. Yule daktari mzee akakumulika puani. Ulipotoka ukaniambia, “Mama, anasema humu ndani kuna vinyama, vyeupe vyeupe, vinateleza, vimening'inia.” Nikasema vinyama gani? Ukafikiri, ukasema, “Kama kahawa iliyomenywa, na ute wake.” Sijasahau ulivyosema hivyo. Mtoto aliyekuwa na pua ya kahawa, kahawa ikamwotea puani.

Akavitoa kwa waya mwembamba. Msimu ule ukanusa. Ulipita humu ndani unanusa kila kitu kama mbwa, khanga, kuni, kichwa cha mwanao, kwapa langu, tukafukuzana. Halafu vikaota tena. Safari hii na kifua nacho kikaanza kupiga filimbi. Ukamweleza daktari kwamba ulipokuwa Kihagara ulimeza asprini ukapata uso mwekundu na pumzi ikakuishia, mama mkwe wako akasema ni moshi wa kukaushia samaki. Daktari akakuambia: asprini usimeze tena maishani. Ukanirudia na neno hilo. Nikapiga marufuku asprini kuvuka kizingiti hiki, hata mgeni nilimpekua.

Sasa nisikilize. Wakati ule ndio kila kitu kilikuwa ruksa. Umeuona mwanzo wake. Zamani kahawa tuliipeleka chama cha ushirika, mizani moja, basi. Ghafla wakaja wanunuzi kila mmoja na gari lake na mizani yake, wanabembeleza njiani. Sikatai, tulivaa viatu. Lakini na madukani ikawa hivyo hivyo. Zamani kidonge cha kichwa kilikuwa kimoja, cheupe, kichungu, jina moja, unakipata zahanati kama kipo. Ruksa ilipokuja, pale njia panda vidonge vikapangwa pamoja na chumvi na betri. Vyekundu, vya njano, vya karatasi inayong'aa. Wanawake wakawa wanavifunga kwenye pindo la khanga kama walivyokuwa wanafunga ugoro. Dawa ile ile imevalishwa nguo tofauti, na yule mwenye duka akiulizwa kilichomo anasema, “Hiki kikali, mama, hiki kizuri.” Kizuri! Mtu anauza asichokijua kwa mtu asiyejua kusoma, halafu wote wawili wanaita maendeleo.

Siku ile mlikuwa kwenye ngokela, shamba la Gaudensia, rafiki yako tangu mnacheza kombolela. Ngokela ni ngokela: leo tunachuma kwangu, kesho kwako, na hakuna anayekaa nyumbani kwa sababu ya kichwa. Kichwa kikakuuma. Gaudensia akafungua pindo lake. Akina mama waliokuwepo walinieleza neno kwa neno. Wewe uliuliza, “Siyo asprini?” Yeye akasema, “Siyo, hiki kipya, kina jina lake, mimi nakimeza kila siku.”

Uliuliza! Hilo ndilo linaloniwasha. Ungekuwa mzembe ningekugombeza kaburini nikapata nafuu. Lakini uliuliza kama ulivyoambiwa uulize, na ukajibiwa na mtu anayekupenda.

Kikapu chako hakikujaa. Macho yakawa mekundu, pua ikamwagika, kifua kikafunga. Walikuleta kwa machela ya miti, nikakutana nanyi njiani kabla ya mto. Nilikushika mguu maana ndio uliokuwa karibu yangu. Hatukufika hospitali. Sisemi zaidi. Osmunda ameacha kuandika. Andika, mke mwenzangu, au lia kwanza halafu uandike, mimi nangoja.

Haya. Msibani watu wakaanza. “Kidonge? Huyu si alikuwa anameza tangu mtoto? Kidonge hakiui mtu.” Basi kama si kidonge ni mtu. Wengine wakamtaja mkwe mwenzangu wa Kihagara kwa ajili ya yule samaki. Wengine wakanitaja mimi, kwa sauti ya chini, wakila ugali wangu. Hata mimi sikuelewa. Na Gaudensia akaacha kuja hapa. Siku ya mazishi ndiyo ya mwisho. Mimi nikaona: amekula nasi, amekua nasi, na leo hataki hata kupita kwenye uwanja wangu. Nikaacha kumsalimia.

Osmunda akakua. Mwaka juzi ugali ukaungua jikoni mpaka moshi ukatoka mlangoni, na yeye amekaa pembeni ya chungu anaimba. Nikamwita. “Husikii harufu?” Akaniambia, “Harufu gani, bibi?”

Safari hii sikucheka, Kandida.

Nilimburuza mpaka hospitali hiyo hiyo. Sasa kuna daktari mwanamke, binti wa Songea, ana ulimi kama wangu, tukapatana. Akavikuta vile vile, punje za kahawa iliyomenywa. Akavitoa. Nikamwambia sitoki hapa mpaka nivione. Akanionyesha kwenye kichupa. Nikasema hivyo nimeviona, nataka kuona kilichomo ndani. Akasema, “Bibi, kilichomo hakionekani kwa jicho.” Nikamwambia, “Basi nipe jicho linalokiona.” Akanitazama, akacheka, akasema nirudi wiki inayofuata. Nikarudi. Kumbe walikikata chembamba kuliko ganda la kitunguu, wakakitia rangi, wakakiweka chini ya darubini. Nikainama.

Mwanangu, nimeona ndani ya pua yako. Najua ilikuwa ya Osmunda. Kwangu ilikuwa yako.

Pembeni kabisa kuna mstari. Daktari akasema hizo ni seli, mwili mzima umejengwa kwa hizo, na hapo zimesimama bega kwa bega kama wanawake kwenye ngokela, kila moja na vinyweleo juu yake. Vinyweleo vinafagia kamasi kwenda upande mmoja, usiku na mchana, pamoja na vumbi lake. Lakini katika vinyama vyetu mstari umekatika. Mahali pengine seli zimeng'oka, mahali pengine zimenenepa, zimejaa ute, hazifagii tena, zinamwaga tu. Chini ya mstari nikategemea kuona nyama. Hakuna nyama! Ni nafasi tupu tupu zilizojaa maji, kama godoro lililonyeshewa. Mishipa midogo inavuja, maji hayana pa kwenda, ngozi ya ndani inavimba, inaning'inia kwa uzito wake. Ndicho kinyama. Tulikuwa tunakiita nyama, kumbe ni maji yaliyokosa njia.

Na katika hayo maji nikaona doa jekundu, na jingine, na jingine, yamejaa kila mahali.

Nikauliza, “Hawa wekundu ni nani?”

“Hao ni chembe nyeupe za damu, bibi, wekundu ni ile rangi tuliyotia. Askari.”

“Wanapigana na nani?”

“Kazi yao kubwa ni minyoo.”

“Puani mwa mjukuu wangu kuna minyoo?”

“Hakuna.”

“Sasa?”

Akavuta kiti akakaa. Akasema wameitwa, wamekuja, kila mmoja na mfuko wake wa sumu. Adui hawamwoni, basi wanaimwaga humo humo, kwenye ule mstari wa wafagiaji. Mstari ukiumia unapiga kelele, kelele inaita askari wengine. Nikamwuliza hawachoki, hawaendi kwao? Akasema, “Wangetakiwa kufa baada ya siku chache, ndivyo walivyoumbwa. Lakini seli za humu zinapelekeana ujumbe wa kuwazuia. Usife, kaa, bado vita.”

Nilitaka kuipiga ile darubini ngumi. Sikudanganyi. Mwanangu amekufa kwa ajili ya askari waliokuja kupigana na mtu ambaye hayupo, wakakaa, wakala, wakabomoa nyumba ya watu, na wakikaribia kufa kuna anayewaambia msife! Wasio na kazi wanaambiwa wasife, na mwanangu aliyekuwa na kikapu nusu hakuna aliyemwambia.

Nikamwuliza habari ya kidonge. Nilimweleza yote, swali lako na jibu la Gaudensia. Akaniuliza kahawa tunaioshaje.

“Kwa mfereji.”

“Una midomo mingapi?”

“Miwili. Mmoja unaingia kwenye pipa, wa pili bustanini.”

“Ukiziba wa pipa?”

“Maji yote yanakwenda bustanini, yanasomba mboga.”

“Basi ndivyo, bibi.”

Akanieleza polepole, na mimi nilimrudisha nyuma kila nilipopotea. Seli ina mafuta kidogo kwenye ukuta wake. Ugomvi ukianza inakata kipande cha yale mafuta na kukipitisha njia mbili. Njia moja inatoa kitu cha maumivu na homa, lakini hicho hicho kinawatuliza wale askari. Njia ya pili inatoa kitu kinachobana kifua na kumwaga kamasi. Asprini inaziba njia ya kwanza, ndiyo maana kichwa kinapoa. Watu wengi wakiziba hiyo hawapati dhara la kifua. Lakini wako watu, si wengi, wenye vinyama puani na pumu, wao ikizibwa ya kwanza wanakuwa hawana tena kinachowashika wale askari, na ya pili inafurika. Kichwa kinapoa na kifua kinafungwa, kwa kidonge kimoja.

“Na utotoni alikuwa anameza, mbona hakufa?”

“Utotoni ugonjwa huu ulikuwa bado. Unakuja mtu akishakua.”

“Na kile chenye jina lake?”

“Ama kilikuwa na asprini ndani yake, ama ni ndugu yake. Ukoo wao mkubwa. Majina mbalimbali, mdomo wanaoziba ni ule ule.”

“Kwa hiyo hakuna mtu aliyemroga mwanangu?”

“Hakuna, bibi.”

Kandida, nilikaa kwenye benchi la nje mpaka jua likageuka. Miaka yote ile watu wamekula ugali wangu na kunitazama pembeni, na mkwe mwenzangu huko Kihagara wamemwita mchawi kwa ajili ya samaki mmoja. Nilimchukia yule mama, na bado simpendi, lakini mchawi si yeye.

Kuhusu Osmunda nikauliza kama na yeye kidonge kitamfanya hivyo. Daktari akasema hajui, na hatajaribu kwa kumpa. Amempa dawa ya kupuliza puani, ya kuwaambia hao askari waende kwao, na ameambiwa apulize kila siku hata akijisikia vizuri, maana vinyama vinaweza kurudi. Na vidonge vya ule ukoo, vyote, marufuku. Kichwa kikimuuma kuna dawa nyingine daktari amemwonyesha, na hiyo ameitoa kwa kipimo chake.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niite kalamu. Osmunda ana mchumba. Anaitwa Bosko, ana mikono ya kazi na anakubali kubishiwa. Lakini Bosko ni mtoto wa kaka yake Gaudensia. Uwanja ni mmoja. Mwanao ataishi na kuchuma kahawa palepale ulipomeza kile kidonge, katikati ya wanawake wanaofunga vidonge kwenye khanga mpaka leo.

Kaka yako Otmari akanivuta pembeni kabla wageni hawajaingia. “Mama, habari ya pua usiitaje. Wakisikia ana ugonjwa wataondoka. Ngoja aolewe kwanza, tutawaambia polepole.” Na lingine akalisema akitazama chini: “Na Gaudensia je? Utamwambia mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyemwua?”

Nikamwambia, “Unataka nimngoje aolewe ili afe akiwa mke wa mtu?” Nikaingia ndani.

Mshenga wao akaanza, unawajua, tumepita hapa tukaona ua, tumependa ua. Nikamkata. Nikasema ua lina pua mbovu. Mshenga akakohoa. Nikawaeleza yote, askari, maji, mfereji na midomo yake miwili. Baba mdogo wa Bosko akasema, “Mama, sisi tumekuja kuposa, hatukuja kliniki.” Nikamwambia, “Kaa chini. Mimi nilikuwa na binti, alitoka asubuhi kwenda kuchuma kahawa kwenu akarudi kwenye machela. Wewe ulikuwa umeshika mti wa mbele.” Akakaa. Maana kweli alikuwa ameushika.

Gaudensia alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango. Amezeeka, Kandida. Nilipofika kwenye kidonge sikumtaja. Nilisema mtu alitoa kidonge kwa upendo. Lakini nani asiyejua? Nikaona mkono wake umeshika pindo la khanga, umelikunja mpaka vidole vimepauka. Halafu akasema, mbele ya wote:

“Mama Kandida, mimi nilidhani unajua.”

“Najua nini?”

“Kwamba ni mimi. Watu waliposema uchawi nilinyamaza, lakini mimi nilimwona. Alimeza, na papo hapo akaanza. Nilidhani unajua, ndiyo maana hunisalimii.”

“Nilikuwa sikusalimii kwa sababu umeacha kuja kwangu, mpumbavu wewe!”

“Ningekuja na uso gani?”

“Na huo huo ulio nao!”

Sasa fikiria, wanaume wamekaa na mshenga wao, na sisi wanawake wawili tunapigiana kelele kutoka mkeka hadi mkeka, tunalia kamasi. Miaka yote hiyo! Kila mmoja kaficha uso kwa mwenzake, na katikati yetu mtoto wako anakua na kuipoteza pua yake.

Gaudensia akalifungua pindo. Vilikuwamo, vya njano, viwili. Akatembea mpaka kwangu kwa magoti akaviweka kiganjani mwangu. Akageuka kwa wanawake wa kwao, akawaambia, “Na nyie.” Hakuna aliyejitia kutoelewa. Mmoja mmoja wakafungua. Nikaomba ungo. Bosko ndiye aliyeuleta, akauzungusha mwenyewe. Alipofika kwa baba yake mdogo, mzee akatoa karatasi yake kwenye mfuko wa koti akaitupia humo bila kunitazama. Kesho yake Gaudensia aliupanda mlima na vile vidonge kwenye mfuko, akamtaka daktari amwonyeshe kipi ni cha ule ukoo na kipi siyo. Vilikuwa vya ukoo karibu vyote.

Harusi itakuwa kahawa ikiisha. Otmari anasema nimebahatika. Sikubahatika chochote. Wangeondoka, wangeondoka, Osmunda angebaki hapa akipumua.

Barua hii Osmunda atakusomea kaburini. Gaudensia naye atakuja, nimemwambia akikosa nitamfuata. Halafu Jumapili itasomwa nje ya kanisa watu wakitoka misa. Padre amesema ni ndefu, nimemwambia mahubiri yake je. Basi na nyie mnaosikiliza pale nje: mwenye mafua yasiyoisha, asiyesikia harufu ya chakula chake, anayepiga filimbi kifuani, akamulikwe pua, na asiokote kidonge kwenye khanga ya mtu, hata khanga ya mama yake. Asiulize jina lake. Aulize ukoo wake, na amuulize anayejua. Na wewe mwenye duka la njia panda, uko hapo nyuma, nimekuona. Usiniambie kizuri.

Kandida, hasira haijaisha. Isingeisha hata wangeleta ungo wa vidonge vya nchi nzima, maana wewe huji. Lakini leo asubuhi, kabla hatujakaa na kalamu hii, Osmunda alipita karibu na pipa amebeba ndoo. Akasimama. Akaweka ndoo chini. Nilishika mdomo wangu. Akainama kidogo, akavuta hewa kwa pua, nikaisikia inapita.

“Bibi,” akasema, “imeiva.”

Nikachomeka kijiti. Ilikuwa imeiva. Tumeiosha.

Lala, mwanangu. Sikusahau kwa hasira wala kwa upole.

Ni mimi, mama yako, niliyekushika mguu.